Seli za Moyo Zinapolegea: Mambo ya Kujua Kuhusu Hitilafu za Mapigo ya Moyo za Kurithi

Tuchukue mfano wa familia moja ya kata ya Lupepo, wilayani Rungwe. Familia hii ni ya kubuni, lakini yanayoipata si ya kubuni. Kijana wa miaka 19, mwenye afya njema machoni pa kila mtu, anaanguka uwanjani katikati ya mchezo wa mpira na hainuki tena. Matanga yanaanza, na pamoja na matanga yanaanza maneno. Mmoja anakumbuka kwamba baba mdogo wa marehemu naye alianguka ghafla akipandisha gunia la viazi mlimani. Mwingine anamtaja jirani waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Baada ya matanga kuanuliwa, anatokea mtu mwenye chupa ya dawa inayosemekana kuimarisha moyo. Mama wa marehemu, ambaye bado ana watoto 3, anashauriwa auze ndama ili ainunue.

Makala hii tumeiandika kwa ajili ya mama huyo, na kwa ajili ya kila mlaji anayeweza kujikuta mahali pake. Kifo cha ghafla cha kijana kinaweza kuwa na sababu iliyomo ndani ya mwili na inayopita katika ukoo. Sababu hiyo inaweza kuchunguzwa. Ikijulikana mapema, waliobaki wanaweza kulindwa. Tunaeleza hapa jinsi ugonjwa huu unavyotokea, tiba zilizopo, utafiti unaoendelea wa kuimarisha mshikamano wa seli za moyo, na maswali ambayo mlaji anapaswa kuuliza kabla ya kutoa fedha yake.

Jinsi seli za moyo zinavyoshikana

Moyo ni msuli uliojengwa kwa seli nyingi mno, kila moja ikiwa ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, yaani karibu mara 100,000 kwa siku. Katika kila pigo seli zote hujikunja na kujinyoosha, na kila moja humvuta mwenzake. Kama zisingeshikamana kwa nguvu, zingeachana.

Anayejenga nyumba ya matofali ya kuchoma anajua kwamba ubora wa tofali peke yake hausimamishi ukuta. Kinachousimamisha ni udongo au saruji iliyopo kati ya tofali na tofali. Katika moyo, kazi hiyo hufanywa na vifungo vidogo vinavyoitwa desmosomu, vilivyopo mahali ncha ya seli moja inapokutana na ncha ya nyingine. Kila kifungo kimeundwa kwa protini kadhaa. Desmogleini-2 na desmokolini-2 hutokeza nje ya seli na kukamatana na zile za seli jirani. Plakoglobini, plakofilini-2 na desmoplakini hubaki ndani, zikiunganisha kifungo hicho na mihimili ya seli yenyewe.

Pembeni mwa vifungo hivyo kuna vijia ambamo umeme wa moyo hupita kutoka seli moja kwenda nyingine. Umeme huo ndio unaoamuru moyo upige kwa mpangilio. Kwa hiyo kushikamana kwa seli na kupita kwa umeme ni mambo mawili yanayotegemeana. Vifungo vikilegea, vijia vya umeme navyo huvurugika.

Vifungo vinapolegea

Maelekezo ya kutengeneza protini hizo yameandikwa katika vinasaba tulivyorithi kwa baba na mama. Kosa dogo katika kinasaba kimoja linaweza kufanya protini iwe dhaifu au ipungue. Mtoto huzaliwa akiwa na afya, hukua, hucheza na kufanya kazi. Lakini kadiri miaka inavyopita, seli zinazovutwa kila siku huanza kuachana na kufa. Mahali pake huchukuliwa na mafuta na kovu, hasa upande wa kulia wa moyo, ingawa upande wa kushoto nao unaweza kuathirika. Umeme ukikuta kovu, hukosa njia iliyonyooka na kuanza kuzunguka. Hapo moyo hupiga mbio pasipo mpangilio, na wakati mwingine husimama.

Inakadiriwa kwamba duniani ugonjwa huu humpata mtu 1 kati ya 2,000 hadi 5,000. Dalili zake huanza kuonekana mara nyingi kati ya ujana na umri wa miaka 40. Mzazi mwenye kinasaba chenye kosa, katika aina iliyo ya kawaida zaidi, anaweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, awe wa kiume au wa kike. Si kila aliyerithi atakayeugua, na wa tumbo moja wanaweza kutofautiana sana.

Jambo moja linahitaji kusisitizwa. Kazi ngumu na michezo ya mashindano huuharakisha ugonjwa huu, kwa sababu moyo unaposukuma kwa nguvu, vifungo dhaifu huvutwa zaidi. Ndiyo maana kifo mara nyingi hutokea uwanjani au mlimani, mbele ya watu, kwa kijana aliyeonekana kuwa na nguvu kuliko wenzake. Hali hiyo ndiyo huwafanya wengi wamtafute mchawi. Sisi tunasema: kabla ya kumnyooshea jirani kidole, tafuteni kipimo.

Ulivyogunduliwa

Mwaka 1986 madaktari wa kisiwa cha Naxos nchini Ugiriki walieleza ugonjwa wa moyo uliozifuata familia fulani. Waliougua walikuwa pia na nywele zilizosokotana na ngozi nene isiyo ya kawaida kwenye viganja na nyayo. Mwaka 2000 ilibainika kwamba kosa lilikuwa katika kinasaba cha plakoglobini. Ngozi, kama moyo, hushikiliwa na desmosomu, na hilo ndilo lililounganisha dalili za mkono na za kifuani. Kwetu sisi nywele haziwezi kuwa dalili ya kutegemewa. Lakini ngozi nene sana ya viganja na nyayo iliyoanza utotoni, isiyotokana na jembe, ikiwa katika ukoo wenye vifo vya ghafla, yafaa kuonyeshwa kwa daktari.

Nchini Italia, watafiti wa Padova walichunguza miili ya watu 60 wenye umri chini ya miaka 35 waliofariki ghafla katika jimbo la Veneto. Katika taarifa yao ya mwaka 1988 walionyesha kwamba 12 kati yao walikuwa na ugonjwa huu. Tangu mwaka 1982 sheria ya Italia iliwataka wanamichezo wa mashindano kupimwa moyo kabla ya kuruhusiwa kucheza. Katika jimbo hilohilo, vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilipungua kutoka 3.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka hadi 0.4 kufikia mwaka 2004. Kilichofanya kazi kubwa hapo si dawa mpya, bali kipimo cha umeme wa moyo na uamuzi wa kumpumzisha aliyekutwa na tatizo.

Afrika nayo imechangia. Mwaka 2017 kundi la watafiti lililomjumuisha Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town lilitangaza kwamba ugonjwa wa familia moja ya Afrika Kusini, iliyofuatiliwa kwa miaka mingi, ulitokana na kosa katika kinasaba kiitwacho CDH2. Kinasaba hicho hutengeneza kadherini, protini nyingine ya kushikamanisha seli za moyo. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu.

Tiba zilizopo leo

Tunasema wazi: hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuponya ugonjwa huu. Lakini zipo tiba zinazozuia kifo, na tofauti hiyo ni muhimu.

Ya kwanza ni kupunguza mzigo wa moyo. Aliyegundulika huelekezwa aache michezo ya mashindano na kazi za kukimbiza moyo kupita kiasi. Kwa mkulima wa Rungwe, ambaye kila shamba lake lina mteremko, agizo hili si jepesi. Amweleze daktari kazi anazofanya kweli kweli, iwe ni kuchuma chai, kubeba ndizi au kupasua mbao, ili wapange pamoja kipi kiachwe na kipi kipunguzwe.

Ya pili ni vidonge. Dawa za kuzuia athari ya adrenalini kwenye moyo, kama bisoprololi na metoprololi, hutuliza mapigo. Kwa wengine daktari huongeza sotaloli au amiodaroni. Vidonge hivi visikatishwe ghafla kwa sababu mgonjwa amejisikia nafuu.

Ya tatu ni kifaa kidogo kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua. Hufuatilia mapigo usiku na mchana, na mapigo yakivurugika kwa hatari hutoa mshtuko wa umeme unaourudisha moyo kwenye mwendo wake. Kifaa hiki kisichanganywe na betri ya kawaida ya moyo, ambayo kazi yake kuu ni kuongeza mapigo yanapokuwa ya polepole. Pale inapobidi, madaktari bingwa huweza pia kuchoma kwa uangalifu sehemu ndogo ya moyo inayozungusha umeme.

Utafiti wa kuimarisha mshikamano wa seli

Tiba tulizozitaja hushughulika na matokeo. Hutuliza mapigo au huyarudisha yakivurugika, lakini haziugusi ule ulegevu wenyewe. Kwa sababu hiyo watafiti wamejiuliza swali jipya: je, vifungo vyenyewe vinaweza kukazwa?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ludwig-Maximilian cha München, Ujerumani, ni miongoni mwa waliofuatilia swali hili. Imeonekana kwamba ujumbe fulani wa kemikali ndani ya seli ya moyo, ukiongezeka, huzifanya seli zishikamane kwa nguvu zaidi, na protini ya plakoglobini ina nafasi kubwa katika jambo hilo. Ipo dawa iitwayo apremilasti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa ugonjwa wa ngozi wa soriasisi na maumivu ya viungo yanayoandamana nao. Dawa hiyo huzuia ujumbe huo usivunjwe haraka. Ilipojaribiwa kwenye seli za moyo na kwenye panya wa maabara wenye ugonjwa wa aina hii, iliongeza mshikamano wa seli na kupunguza hitilafu za mapigo.

Habari hiyo inatia moyo, lakini mlaji aisome kwa makini. Panya si mtu. Tena, ujumbe huohuo wa kemikali ndio unaoongezwa na adrenalini, na adrenalini huweza kuuamsha moyo mgonjwa upige vibaya. Kitu kimoja kinaweza kukaza vifungo na wakati huohuo kuchochea hatari. Jinsi ya kupata faida bila madhara ndilo jambo linalopaswa kuthibitishwa kwa majaribio ya binadamu. Mgonjwa asinunue dawa ya ngozi akaimeza kwa ajili ya moyo kwa sababu tu amesikia habari ya utafiti.

Njia nyingine ni kumpa mgonjwa nakala nzima ya kinasaba chenye kosa, kwa kutumia kirusi kilichoondolewa uwezo wa kuleta ugonjwa. Mwaka 2024 majaribio ya awali ya aina hiyo kwa binadamu, yakilenga kinasaba cha plakofilini-2, yalikuwa yameanza Marekani. Lengo la majaribio ya awali ni kwanza kujua usalama. Hayajawa tiba ya kuuzwa, si Mbeya, si Dar es Salaam, wala nje ya nchi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha

Penye hofu na tumaini, wauzaji hawakosekani. Kwa hiyo tunamshauri mlaji aulize maswali haya.

1. Je, dawa hii imesajiliwa? Dawa na vifaa tiba nchini husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Dawa ya asili nayo ina msimamizi, ambaye ni Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo na tarehe ya mwisho wa matumizi isinunuliwe.

2. Je, anayeuza anadai inatibu kila kitu? Dawa inayosemekana kutibu moyo, sukari, presha na nguvu za kiume kwa pamoja, kwa kawaida haijathibitishwa kutibu hata kimojawapo.

3. Je, ugonjwa umepimwa? Hakuna anayeweza kujua hali ya seli za moyo kwa kutazama kiganja au kwa kifaa cha kushikwa mkononi kinachotoa orodha ya magonjwa kwa dakika moja.

4. Je, ninaambiwa niache dawa za hospitali? Anayesema hivyo anahatarisha maisha yako. Ondoka.

5. Je, ninaitwa kwenye utafiti? Jaribio la dawa kwa binadamu nchini linahitaji kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, pamoja na idhini ya TMDA. Mshiriki huelezwa faida na hatari kwa lugha anayoielewa, hutia saini kwa hiari na anaweza kujitoa wakati wowote. Anayekudai ada ili uingizwe kwenye majaribio, mtilie shaka. Tukuyu pana kituo cha NIMR, basi mkazi wa Rungwe hana haja ya kusafiri mbali ili kuuliza.

6. Je, nimepewa risiti? Dai risiti yenye jina la duka na la dawa. Bila risiti, malalamiko yako yatakuwa neno lako dhidi ya neno la muuzaji.

Aliyekwisha kugundulika na hitilafu ya mapigo aseme hivyo kila anaponunua dawa yoyote, hata ya homa. Kwinini na baadhi ya antibaiotiki, kama erithromaisini na azithromaisini, hugusa umeme wa moyo na huhitaji uangalifu wa mtaalamu. Ajiepushe pia na vinywaji vya kuongeza nguvu.

Hatua za familia

Hatua ya kwanza haina gharama. Wazee wakae na kuandika nani katika ukoo alifariki ghafla kabla ya miaka 40, alikuwa na umri gani na alikuwa akifanya nini. Waandike pia aliyezama majini ingawa alijua kuogelea, aliyepata ajali pasipo sababu kueleweka, na anayezimia anapokimbia. Mtu anayezimia katikati ya kazi ngumu au mchezo asiambiwe tu kwamba ana njaa.

Hatua ya pili ni kupeleka karatasi hiyo katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Kipimo cha kwanza ni cha umeme wa moyo, kinachojulikana hospitalini kama ECG. Hakina maumivu na huchukua dakika chache. Daktari akiona sababu, huagiza kipimo cha eko kinachoonyesha moyo ukisukuma damu, na kifaa cha kurekodi mapigo kwa saa 24 au zaidi. Rufaa kutoka Tukuyu kwa kawaida huelekea Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na inapohitajika, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800. Kabla ya kusafiri, ulizeni bima yenu inalipia nini na barua gani zinahitajika. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na mwenye kitambulisho cha bima ana haki ya kuelezwa kwa uwazi kilichomo na kisichokuwemo.

Hatua ya tatu ni kurudi. Kwa sababu ugonjwa hujitokeza kidogo kidogo, kipimo kizuri cha leo kwa mtoto wa miaka 14 hakimalizi jambo. Wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto wa aliyegundulika wapimwe tena kwa vipindi atakavyopanga daktari.

Mtu akianguka ghafla

Akianguka, asiitike wala asipumue kawaida, mmoja aite msaada na kutafuta gari. Mwingine amlaze chali mahali pagumu, aweke viganja viwili katikati ya kifua, kimoja juu ya kingine, na akandamize kwa nguvu na kwa haraka. Kina kiwe sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akikiachia kifua kirudi juu kila mara. Asisubiri kuona kama atazinduka mwenyewe, wala asimmwagie maji. Anayechoka apokewe na mwingine, bila kukatisha, mpaka msaada ufike. Walimu wa michezo na viongozi wa timu za vijana wajifunze jambo hili kabla ya msimu kuanza.

Neno la mwisho

Turudi kwa yule mama wa mfano wetu. Chupa anayouziwa haiwezi kukaza vifungo vya moyo wa mtoto yeyote. Maabara kubwa za dunia bado zinalitafuta jambo hilo kwa subira, na siku litakapopatikana, litapitia usajili na litatolewa kwa karatasi ya daktari. Lakini alichonacho tayari kina thamani: anajua kwamba shemeji yake na mwanawe wote walianguka wakiwa kazini au mchezoni. Taarifa hiyo, ikifika kwa daktari, inaweza kuwaokoa watoto wake 3 waliobaki. Ndama asiuzwe kwa ajili ya chupa. Ikibidi kumuuza, nauli ya kwenda kupimwa itangulie.